Ukitaka Mbegu ya Kuvumilia Ukame, Uliza Pia Nini Ilikauka

Jameni nyinyi wenzangu wa kulima kwa simu, uko Umoja ama Kasarani na shamba liko huko Makueni ama Mwala, kila Septemba magrupu ya WhatsApp hujaa swali moja tu, "nipande nini isikufe na jua?" na majibu yanamwagika, mtama, ndengu, mbaazi, kila mtu na picha ya shamba kijani hata hujui ni la wapi. Mimi siku hizi nauliza ulipanda lini, udongo wako ni gani, na msimu uliopita nini ilikauka kwako. Hiyo ya mwisho ndio tamu, juu mtu akianza kusimulia hasara hafichi kitu.

Chukua ndengu. Kuna aina ya N26, hii Ukambani wanaita nailoni, inakomaa kama siku 60 hadi 65 hivi, na kuna KS20 ambayo inakaa zaidi kidogo. Sasa kama kwenu mvua ya vuli huanza Oktoba mwisho na Disemba katikati imeshakatika, hizo wiki mbili tatu za tofauti kati ya hizo aina ndio zitaamua kama utavuna ama utalisha mbuzi. Kuna mama jirani yangu huko shambani yeye hupanda kavu, yaani kabla mvua ianze, na kwa grupu hakuna mtu alikuwa ameitaja, niliijua nikiwa nimesimama kwa boma lake nangoja boda.

Mtama nao jua si neno, balaa ni ndege. Aina ya Gadam inawahi kukomaa, lakini kama ni wewe pekee umepanda kijiji kizima, kwelea kwelea wote wageni wako. Hapa ndio kuongea na majirani kunalipa, mkipanda wakati mmoja hasara inagawanyika na hata wa kufukuza ndege mnamchangia. Wengine wanapenda Seredo, ile ya kahawia, ina ukakasi fulani ndege hawaifurahii sana (ugali wake nao, mtaamua wenyewe). Na ukishavuna using'oe, kata shina uache, mvua ikirudi inachipuka tena. Hii wazee wanaijua zamani, ni vile hakuna mtu huwauliza.

Sisi wa Nairobi pia tuko na kitu ya kupeleka ocha, yaani kijijini. Pita Nyamakima kwa maduka ya nafaka, jifanye mnunuzi, uliza ndengu gani inatoka haraka na gani wanakataa, mwenye duka atakumwagia kwa kiganja akuonyeshe zenye zimetobolewa na wadudu. Hiyo habari na bei ya siku ipelekee chama chenu, huko wanajua kulima kukushinda lakini bei wanaambiwa na broka, na broka hawezi kuwaambia ile ya ukweli. Ukienda na habari kama hiyo hata mzee mkali anakufungulia ghala.

Mbegu zenyewe, kunde na mbaazi watu hupeana kwa gorogoro toka zamani, na mwisho wa 2025 Mahakama Kuu ilifuta vipengele vya sheria vilivyofanya kubadilishana kuwa kosa, kwa hivyo wacha kunong'ona. Lakini uliza imekaa misimu mingapi na ilihifadhiwa aje. Mahindi ya haibridi usirudie kupanda, hiyo ni kupoteza jembe. Mkitaka aina mpya, KALRO Katumani, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, iko hapo Machakos, nunueni pamoja kidogo kidogo, halafu mmoja wenu apande kila aina mistari michache kando ya barabara pale watu hupita wakienda soko. Kwa grupu watu watabishana mpaka usiku, lakini mistari ikiwa imesimama hapo na ya jirani imenyauka, watauliza wenyewe.

Na maswali yenu pigeni kabla Oktoba. Mvua ikishuka simu inabaki kwa nyumba na mtu yuko shambani hadi jioni, na hata ukimpata hiyo saa atakujibu "panda tu".