Mtama Hauleti Chozi

SWALI: Naishi Kasarani, nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba. Kila asubuhi naweka mtama kwenye sahani, lakini wanaokuja ni njiwa na jurawa tu. Nifanye nini nipate pia ndege kama chozi na kurumbiza?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Chozi hali mtama. Hunywa nekta, yaani maji matamu ya maua, na makinda wake huwalisha buibui na wadudu laini. Panda mishubiri kando ya ukuta penye jua, hata mitatu yatosha kuanzia, na uache kabisa kupulizia dawa ya wadudu. Ukiua wadudu, umemnyima kinda chakula. Maji ya sukari yanawezekana (sukari kipimo 1, maji 4, bila asali wala rangi), ila huchacha upesi juani. Maua ni bora zaidi.

Kurumbiza hutafuta chakula chini, kivulini. Usifagie majani yaliyoanguka chini ya kichaka. Humo ndimo anamofukua wadudu. Karibu na hapo weka sahani pana ya udongo yenye maji ya kina cha sentimita 3 na jiwe katikati. Iwe mita 2 hivi kutoka kichakani, paka asije akavizia. Badilisha maji kila siku, la sivyo yatazaa mbu.

Mtama wenye ukungu usiwape ndege yeyote, una sumu.

Kujifunza sauti zao, nenda msitu wa Karura mapema, kabla ya saa tatu asubuhi. Kurumbiza huimba sana alfajiri, na huiga ndege wengine, kwa hiyo mtazame kabla ya kumtaja.