Laptopu Mpya, Windows ya Zamani: Kabla Hujafuta, Angalia Draiva

Nilifuta Windows 11 kwenye laptopu yangu mpya siku ya tatu tu baada ya kuitoa kwenye boksi. Nilikuwa nimetumia Windows 10 kwa miaka, vidole vyangu vilishajua kila kitu kilipo. Sasa kitufe cha Start kimehamia katikati, menyu ya kubofya kulia imefupishwa, feni inavuma muda wote, na programu moja ninayoitegemea kazini inagoma kufunguka. Nikaona mashine ni yangu, hela ni yangu, narudi nilikozoea. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimerudi Windows 11 kwa hiari yangu mwenyewe. Naandika haya kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi ameshika flashi mkononi na anataka kufanya nilichofanya.

Nilichomeka flashi ya Windows 10, nikawasha mashine, nikaenda hatua kwa hatua mpaka pale unapoulizwa mfumo usakinishwe kwenye diski ipi. Orodha ilikuwa tupu. Hapakuwa na diski hata moja. SSD, yaani diski yenyewe, ilikuwamo na ilikuwa nzima, ila laptopu nyingi za sasa zenye prosesa za Intel huipitisha diski kwenye kidhibiti kinachoitwa VMD, na kisakinishi nilichokuwa nacho hakikuwa na draiva yake, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuelewana na kifaa. Ilibidi niitafute kwa kompyuta nyingine, niiweke kwenye flashi, nimwonyeshe kisakinishi ilipo, ndipo diski ikajitokeza. Kwa furaha ya kuiona nikafuta partisheni zote, yaani mafungu ambayo diski imegawanywa, pamoja na ile ya urejeshaji ambayo mtengenezaji huiweka ili siku ya shida uirudishe mashine ilivyotoka kiwandani. Ile sikutakiwa kuigusa.

Windows 10 ilipowaka, tachipadi haikusikia kidole. Waifai haikuonekana kabisa. Mwanga wa skrini ulikuwa umekwama juu, haupandi haushuki, kwa sababu mfumo ulikuwa unatumia draiva ya kuanzia tu, si ile ya kadi yenyewe ya picha. Nikawa natembea ndani ya mashine kwa kitufe cha Tab na mishale ya kibodi. Intaneti niliipata kwa kuchomeka simu kwa waya wa USB. Kwa siku mbili nikaokoteza draiva moja moja, na nilipofika kwenye ukurasa wa mtengenezaji na kuingiza namba ya modeli, pale pa kuchagua mfumo palikuwa na jina moja tu: Windows 11.

Jibu lilikuwa pale tangu mwanzo, ni mimi sikulitafuta. Swali la kujiuliza si Windows ipi ni nzuri zaidi, wala ipi umeizoea. Jiulize kama aliyetengeneza hiyo mashine aliiandikia draiva za mfumo unaoutaka. Nenda kwenye ukurasa wake wa msaada, tafuta modeli yako kamili (si jina la familia ya laptopu, bali ile namba ndefu iliyo kwenye stika ya chini), uone mifumo iliyoorodheshwa. Windows 10 ikiwemo, una jambo la kufikiria. Isipokuwemo, ningekushauri uishie hapo.

Maana hata baada ya kuokoteza draiva, mashine haikuwa ile niliyoinunua. Mwanzoni betri ilikuwa inanifikisha mchana bila wasiwasi. Sasa saa tano asubuhi natafuta pa kuchomeka chaja. Siku moja nilifunga kifuniko, nikaitia kwenye begi, na nilipoitoa ilikuwa ya moto kiasi cha kuogopesha: haikuwa imelala. Laptopu za siku hizi zinategemea sana mfumo na maunzi kuelewana. Chukua prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 12, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2021. Nyingi zina kori (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) za aina mbili, za nguvu na za kubana matumizi ya umeme, na prosesa yenyewe huupa mfumo taarifa kuhusu kazi ipi iende wapi. Windows 11 iliandaliwa kuzitumia taarifa hizo. Windows 10 itafanya kazi, ila haizitumii kwa kiwango hicho. Na laptopu zenye prosesa za Snapdragon X hazina njia ya kurudi kabisa, zimetengenezewa Windows 11.

Ushauri wa "rudisha ya zamani" haukutoka hewani, na siwalaumu wanaoutoa. Vista ilipoingia sokoni Januari 2007, watu wengi walirudi XP na walikuwa na haki. Watengenezaji bado walikuwa wanatoa draiva za XP, na XP iliendelea kupata masasisho ya usalama hadi Aprili 2014. Windows 8 ilipokuja mwaka 2012 mambo yakawa vilevile: aliyerudi Windows 7 alikuwa na miaka ya kutosha mbele yake, hadi Januari 2020. Leo hesabu hiyo haipo. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu binafsi ulitangazwa mpango wa kujiandikisha ili kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, basi. Kuchukua mashine mpya na kuiwekea mfumo uliokwisha kufika mwisho ni kujitafutia kazi ya kuufuta tena.

Kuna na suala la leseni, ambalo wengi hulisahau. Laptopu iliyouzwa na Windows 11 Pro huja na haki ya kushuka hadi Windows 10 Pro. Iliyouzwa na toleo la Home haina haki hiyo.

Tusije tukachanganya mambo, lakini. Kama kompyuta yako ilikuwa na Windows 10 na ukaipandisha mwenyewe, kwa kawaida una siku 10 za kurudi kupitia sehemu ya Recovery kwenye mipangilio, na mafaili yako hubaki. Hiyo ni njia salama, itumie kama unaihitaji. Ninachozungumzia mimi ni mashine iliyokuja na Windows 11 kutoka kiwandani. Hiyo haina cha kurudia, ni kufuta na kuanza upya.

Sasa zile kero zangu ziliishia wapi? Kitufe cha Start kilirudi kushoto kwa kubadilisha mpangilio mmoja wa upau wa chini. Menyu ndefu ya zamani bado ipo, ukibonyeza Shift na F10 inatokea. Feni ilitulia yenyewe: siku za kwanza mashine inapakua masasisho na kupanga orodha ya mafaili ili yatafutike upesi, na mimi niliihukumu ikiwa katikati ya kazi hiyo. Ipe wiki mbili kabla hujasema ni nzito. Ile programu iliyonifanya nifute kila kitu niliibofya kulia, nikafungua Properties, nikaingia Compatibility, nikachagua toleo la zamani la Windows. Ikafunguka. Dakika mbili. Nililikumbuka joto la lile begi nikabaki nimeiangalia skrini.

Hiyo isipotosha, kabla ya kufuta mfumo jaribu mashine pepe. VirtualBox ni ya bure, unaweka Windows ya zamani ndani yake kama dirisha la kawaida, na laptopu inabaki salama. Anayestahili kushusha mfumo kweli, kwa maoni yangu, ni mwenye kifaa cha kazi ambacho programu yake imethibitishwa kwa toleo fulani tu na hakikubali mashine pepe. Hata huyo ningemwambia atafute kompyuta iliyotumika ya zama zile, aiweke mbali na intaneti, kuliko kuiumiza mpya.

Ukiamua kuendelea, usianze kabla hujahamisha mafaili yako nje na kuandika kwenye karatasi ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski, kwa sababu laptopu nyingi mpya huja diski ikiwa imefichwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua. Tengeneza pia flashi ya urejeshaji, na draiva za waifai na za diski ziwe tayari kwenye flashi nyingine.

Na kama umeshafuta na sasa unajuta, usikimbilie kununua leseni. Ufunguo wa Windows iliyokuja na laptopu huwa umehifadhiwa kwenye ubao mama. Pakua kisakinishi cha Windows 11 kutoka Microsoft kwa kompyuta nyingine, kiweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, na ukiulizwa toleo, chagua lilelile, Home kwa Home. Diski isipoonekana, mpe ile draiva ya VMD. Yangu ilipopata intaneti, iliwasha leseni yake bila kuniuliza chochote.