Re: Lushoto mwezi wa Julai

Mkuu, umeuliza ufikeje Lushoto, mji wa milimani kule Usambara, na ubebe nini mwezi wa Julai. Panda basi la Arusha au Moshi, shuka Mombo, kisha chukua gari dogo linalopanda kupitia Soni. Ni kama kilomita 33 za kona tupu. Omba siti ya mbele na usishibe sana kabla, wengi hutapika hapo.

Mji uko mita 1,400 hivi, na Julai ni baridi kweli: sweta zito, siyo kikoti cha mapambo. Irente, ukingo wa mlima wa kutazamia mandhari, nenda kwa miguu, karibu kilomita 6, lakini subiri ukungu uinuke, la sivyo hutakiona kijiji cha Mazinde kule chini. Usiku mji hulala mapema mno. Sokoni anza na mboga.