Muulize Mzee wa Gofu: Aliyeitwa usiku, akabeba kombe Jumapili

Shikamoo Mzee. Kijiweni kwetu Buzuruga tulibishana juzi mpaka watu wakataka kununiana. Jamaa mmoja anasema kuna Mmarekani mcheza gofu aliyeitwa kuziba nafasi dakika za mwisho, akashinda kombe kubwa, halafu akaja kupoteza mamilioni ya dola kwenye kamari. Wengine tukasema ni hadithi ya kutunga. Wewe ulibeba mifuko ya gofu Dar es Salaam enzi zako, tusaidie. Ni kweli? Na mtu anamalizaje hela zote hizo?
*Kijana wa Buzuruga, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Mwenzenu hakutunga. Huyo ni John Daly, aliyezaliwa California mwaka 1966 na kukulia Dardanelle, mji mdogo wa Arkansas. Na kabla Wamarekani wenzake hawajamjua vizuri, Afrika ilishamjua: mwaka 1990 alikuwa akicheza kusini mwa bara letu, na mojawapo ya mashindano aliyoshinda huko lilikuwa Swaziland, Eswatini ya leo.

Agosti 1991 yalichezwa mashindano ya PGA Championship, moja ya makombe manne makubwa ya gofu duniani, katika uwanja wa Crooked Stick, jimbo la Indiana. Daly alikuwa na miaka 25, mgeni kwenye mzunguko mkuu wa mashindano ya Marekani. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya akiba, namba tisa. Wanane walio mbele yake wapitiwe kwanza ndipo afikiwe yeye! Nafasi iliyomwangukia ilikuwa ya Nick Price wa Zimbabwe, ambaye mkewe alikuwa anakaribia kujifungua, naye akaamua kubaki nyumbani. Daly aliendesha gari usiku kutoka Memphis bila kujua kama atacheza, na alipofika akakuta ujumbe kwamba yumo. Kulipokucha akaingia kwenye uwanja ambao hakuwahi kuufanyia mazoezi hata shimo moja. Siku nne baadaye, kwa mikwaju 276, alikuwa amemshinda Bruce Lietzke kwa mitatu, maana kwenye gofu anayepiga mikwaju michache ndiye mshindi. Akapewa kombe na dola 230,000.

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana wasimuliaji wengi hupita mbio. Price hakuacha nafasi tupu. Aliacha na mtu: mbeba mfuko wake, Jeff Medlin, waliyezoea kumwita Squeaky. Ndiye aliyembebea Daly wiki ile. Watu wakituona na mfuko begani hudhani kazi yetu ni uzito. Kazi yenyewe ni kujua kutoka kwenye mti ule hadi bendera ni hatua ngapi, upepo unavuma wapi kule juu hata kama chini majani yametulia, mchanga wa shimo hili ni laini au mgumu, na bosi wako leo ana hasira au ana woga. Mgeni asiyeujua uwanja hana macho. Medlin alikuwa macho ya Daly. Alimpa umbali na fimbo, akamwacha apige kwa nguvu zake zote. Mwaka uliofuata Medlin huyo huyo alishinda kombe hilo hilo akiwa na Price, na mwaka 1994 wakachukua mawili makubwa. Alifariki 1997 kwa saratani ya damu. Mkisimulia kijiweni jina la Daly, litajeni na lake.

Na kuna jambo la pili la wiki ile ambalo mimi naliweka juu ya kombe. Siku ya kwanza ilipiga radi, ikamuua mtazamaji mmoja aliyekuwa akirudi kwenye gari lake. Aliacha mabinti wawili wadogo. Sisi wa kanda ya ziwa radi hatuihitaji kusimuliwa. Tunajua mitumbwi inayonaswa katikati ya maji usiku, na mkoa jirani wa Geita umewahi kuzika wanafunzi waliopigwa nayo wakiwa shuleni. Daly, ambaye wiki moja nyuma hakuna aliyemjua, alitoa dola 30,000 kutoka kwenye zawadi yake kwa ajili ya masomo ya wasichana wale. Hizo ni fedha alizozitumia vizuri kuliko zote, na ni za kwanza kabisa kubwa alizowahi kushika.

Sasa hizo nyingine. Mwenyewe alieleza mwaka 2006 kwamba kamari ilishamla kati ya dola milioni 50 na 60. Mtu anafikaje huko? Hafiki kwa siku moja. Chukua Oktoba 2005, San Francisco. Alimaliza sawa na Tiger Woods, wakaenda mashimo ya nyongeza, akakosa mkwaju mfupi ambao mtoto angeuingiza, akawa wa pili. Wa pili huyo alilipwa dola 750,000. Kwa maelezo yake, alikwenda moja kwa moja Las Vegas na ndani ya saa tano akapoteza dola milioni 1.65, sehemu kubwa kwenye mashine za kamari za dola 5,000 kwa mchezo mmoja. Soma hesabu hiyo tena, mwanangu. Alipoteza zaidi ya mara mbili ya alichokuwa ameingiza, na alikuwa ametoka kucheza gofu la hali ya juu kabisa. Nakusihi usiwacheke watu wa namna hii pale kijiweni. Yule aliyekosa mkwaju mfupi anataka kuurudisha usiku huo huo, na mashine ile inamwahidi hivyo kila anapobonyeza.

Shikamoo Babu. Nina mdogo wangu ana miaka 20, ni winga, Nansio nzima inamjua. Akifunga, mashabiki wanamnunulia bia mpaka usiku. Sasa ameanza kubeti, na mwezi uliopita alichukua hela ya dagaa ya mama akaweka mkeka, ukachanika. Nikilalamika, watu wanaomzunguka wananiambia nimwache, eti vipaji vikubwa ndivyo vilivyo, vina fujo. Babu, ni kweli?
*Dada mtu, Nansio, Ukerewe*

Marahaba mwanangu, na pole. Mpe pole na mama.

Si kweli. Nakujibu kwa huyo huyo Daly, kwa sababu yeye ndiye mfano ambao watu hupenda kuutumia kusema vipaji vina fujo.

Sikufichi: kombe la 1991 alilichukua akiwa mnywaji. Mwaka uliofuata akapelekwa kutibiwa pombe. Lakini angalia kilichofuata. Mei 1994 alishinda mashindano ya BellSouth Classic, Marekani, akiwa ameacha kunywa. Julai 1995, bado akiwa hanywi, akaenda St Andrews, Scotland, uwanja wanaouita nyumbani kwa gofu, kucheza The Open, jingine kati ya yale makombe manne makubwa. Upepo siku ya mwisho ulikuwa mkali, na pale upepo ukivuma, mchezaji wa nguvu tupu hana lake. Daly akatulia. Akamaliza, akasimama pembeni kumngoja Mwitaliano Costantino Rocca, ambaye alihitaji mikwaju miwili kutoka karibu na shimo la mwisho ili wawe sawa. Rocca akaugusa mpira vibaya, ukarudi bondeni. Kila mtu akajua yameisha. Kisha Rocca akausukuma kutoka umbali wa kama mita 20, ukapanda, ukaingia.

Fikiria kusimama pale, kombe lilikuwa mkononi na sasa limetoka. Mtu wa fujo angevunjika. Daly alikwenda kwenye mashimo manne ya nyongeza na kumshinda Rocca kwa mikwaju minne. Kwangu hiyo ndiyo saa bora ya maisha yake ya gofu, na ilikuwa saa ya mtu mwenye akili timamu, kichwa chepesi.

Mwaka 1997 akarudi kwenye pombe, akarudi kwenye matibabu. Kampuni ya fimbo iliyokuwa ikimdhamini ikavunja mkataba. Nyingine ikamchukua na kumwekea masharti: asinywe, asicheze kamari. Mwaka 1999 na huo ukavunjika. Katikati hapo, Machi 1998, uwanja wa Bay Hill kule Florida, kwenye shimo moja ambalo mchezaji mzuri humaliza kwa mikwaju mitano, alitumia 18. Alitaka kuvusha mpira juu ya maji. Ukazama. Akaweka mwingine, ukazama. Akazamisha sita. Watazamaji walikuwa wakimshangilia.

Hilo ndilo ninalotaka ulisome mara mbili, mwanangu. Walikuwa wakimshangilia. Walimpenda kweli, alikuwa mtu wao: mnene, mvuta sigara, hana majivuno, anapiga mpira kuliko mabwana wote waliovaa vizuri. Lakini upendo wao ulimtaka awe vile vile kila siku. Kila chupa ilimwongezea mashabiki. Ndoa nne zimevunjika, mwaka 2008 chama cha wachezaji kikamsimamisha miezi sita, na bado kila alikopita kulikuwa na mtu wa kumpa glasi na kupiga naye picha. Mashabiki wa mdogo wako wanaomnunulia bia hawamchukii. Wala hawatakuwepo Jumatatu mama akitafuta hela ya dagaa.

Kwa hiyo usiwasikilize, na usimfuate mdogo wako kwa kelele mbele ya watu, atakuona adui wa furaha yake. Mkamate asubuhi akiwa peke yake. Mwambie habari ya St Andrews, na umwambie mambo yamebaki hivi: hela ya mama irudi, kidogo kidogo, kutoka kwenye kazi ya mikono yake, akisaidia kuanika na kufunga dagaa ikibidi. Simu yenye hela ya familia isikae mikononi mwake. Kocha umwendee wewe au mjomba wenu, si kumshtaki, bali kumwomba jambo moja: akifunga, apewe nauli na chakula, asipewe bia. Wako mashabiki watakaokubali ukiwaeleza kwa heshima. Nimewaona.

Akishindwa kuacha huku anataka kuacha, hapo si suala la adabu tena. Ni ugonjwa, na ugonjwa una waganga wake. Ukivuka kuja Mwanza, hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili, na huko hawapokei vichaa tu kama watu wanavyodhani. Nenda naye. Usimtume.

Na usimkatie tamaa. Daly alishinda tena Torrey Pines, California, mwaka 2004, baada ya kukaa karibu miaka tisa bila taji kwenye mzunguko wa Marekani, kwa mkwaju kutoka mchangani wa mbali ajabu uliokwenda kusimama karibu kabisa na shimo. Mwaka 2017 akashinda kwenye mzunguko wa wazee. Mwaka 2020 alitangaza kuwa ana saratani ya kibofu. Desemba 2021 yeye na mwanawe, aliyempa jina lake, walishinda pamoja mashindano ya wazazi na watoto. Nilifurahi sana siku ile, kama vile ni wa ukoo wetu. Ila miaka iliyopotea katikati hakuna aliyemrudishia.

Babu shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Kirumba. Mwalimu wa michezo alisema kuna mtu anapiga mpira wa gofu mbali kuliko uwanja wa CCM Kirumba. Ni mbali kiasi gani? Na mchezo huu mtu wa huku ziwani anaweza kuuona wapi?
*Mwanafunzi, Kirumba*

Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako amesema kweli. Mwaka 1997 Daly alikuwa mchezaji wa kwanza kwenye mzunguko wa Marekani kupiga mkwaju wa kwanza kwa wastani wa zaidi ya yadi 300 msimu mzima. Hizo ni kama mita 275. Tembea kutoka goli moja la CCM Kirumba hadi la pili, rudi, kisha nenda tena hadi katikati ya uwanja: umekaribia, na bado mpira uko mbele yako hatua chache. Huo ni wastani tu, mikwaju mingine mingi ilikwenda mbali zaidi. Siku hizi vijana wengi wanafika huko, fimbo na mipira imebadilika.

Kuhusu kuona: viwanja vinavyojulikana zaidi kando ya ziwa letu viko kwa majirani. Kisumu kuna Nyanza Club. Entebbe wanacheza tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Na Jinja, pale Nile inapoanzia, walikuwa na kanuni ambayo hutaikuta Scotland: mpira ukiangukia kwenye unyayo wa kiboko, unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Kwa upande wetu, ukienda Arusha, Moshi, Morogoro au Dar es Salaam utapata pa kutazama.

Usiogope ukisikia ni mchezo wa matajiri. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mifuko ya watu, wakijifunza kwa kutazama, na jioni wakipiga mipira kwa fimbo kuukuu ya kuazima. Wasichana wapo pia, tena wazuri. Timu ya wanawake ya Tanzania inajulikana nje ya mipaka. Ukibahatika kufika uwanjani, simama nyuma ya mchezaji, si mbele wala ubavuni, na unyamaze anapoinua fimbo. Akishapiga, muulize mbeba mfuko wake kwa nini walichagua fimbo ile. Wengi wao wanapenda kuulizwa.