Vikundi sita, majibu sita: somo la modeli limeharibika?

SWALI: Nafundisha hisabati kidato cha tatu, Dodoma. Niliwapa wanafunzi kazi ya kuunda modeli, yaani kugeuza jambo la maisha halisi kuwa hesabu: maji ya mvua kutoka paa la bweni yatawatosha siku ngapi? Vikundi sita vikaleta majibu sita, mabishano yakazuka, kengele ikalia. Mwalimu wa taaluma ananitaka nirudi kwenye maswali ya mtihani. Nimevunjika moyo. Niendelee?

JIBU: Endelea, mwalimu. Hayo majibu sita ndiyo somo lenyewe. Kila kundi lilikuwa na makisio yake, ila hayakuandikwa popote, ndiyo maana wakagombania namba.

Safari ijayo gawa ubao: kushoto makisio, kulia hesabu. Tuseme paa ni mita 8 kwa 20, yaani mita za mraba 160. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mwaka wa milimita 570 unaleta lita 91,200. Kundi likikisia kwamba asilimia 20 inapotea kwenye mifereji, zinabaki 72,960. Wanafunzi 100 wakitumia lita 10 kila mmoja kwa siku, maji yanafika siku 73 hivi; wakitumia 20, siku 36. Sasa kila mtu anaona tofauti imetoka wapi. Kisha uliza: tangi liwe la ukubwa gani, ikiwa mvua karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili? Hapo watalazimika kuirudia modeli yao, na hapo ndipo penye utamu.

Usiyabane yote ndani ya dakika 40. Kipindi kimoja makisio tu, hesabu wakafanye jioni, kipindi kingine kulinganisha.

Kuhusu moyo, kujikaza peke yake hakutoshi. Fanya swali mwenyewe kabla, kwa makisio mawili tofauti, uandike watakapokwama na utakachowauliza. Ukishapita njia hiyo, darasa likichachamaa hutetereki. Mshirikishe mwalimu wa jiografia pia: takwimu za mvua anazijua, na utapata wa kuzungumza naye baada ya kipindi. Upweke huwamaliza walimu wengi kabla ya kazi yenyewe.

Mwalimu wa taaluma ana haki ya kuujali mtihani. Mkumbushe ile mada ya kidato cha nne ya kuchora mistari na kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kabisa: mwanafunzi hukwama kugeuza maelezo kuwa hesabu, kabla hata hajashika rula. Mwombe vipindi viwili kwa muhula, kisha mpelekee madaftari ayaone.