Injera haitaki haraka

Dada yangu, umeuliza kwa nini injera yako, ule mkate mwembamba wa Kiethiopia wa unga wa tefu (nafaka ndogo sana), imetoka bapa na nzito, bila vile vitundu ambavyo Waethiopia huviita macho, ingawa ulitia hamira nyingi na kuipika siku hiyohiyo. Siku moja haitoshi. Koroga unga na maji, funika, acha siku 2 au 3 hadi unuse uchachu na uone maji ya manjano yameelea juu. Yamwage, ila hifadhi kidogo kwenye chupa: hiyo ndiyo ersho, chachu yako ya mara ijayo.

Halafu hatua ambayo wengi wetu tunairuka, nami naisisitiza sana: chota upawa mmoja wa rojo, upike na kikombe cha maji mpaka uwe uji mzito. Ukipoa, urudishe kwenye rojo na usubiri liumuke tena. Uji huo huitwa absit.

Kikaango kiwe moto, bila mafuta. Mimina ukizungusha kutoka pembeni kuja katikati. Macho yakifunguka, funika, mvuke utamalizia. Usigeuze kamwe! Injera huiva upande mmoja tu.