Cheti cha fundi umeme anayepiga kazi mpaka jioni
Mkuu, kama ushafunga umeme majumbani miaka yote hiyo na unachokosa ni cheti tu usikimbilie kuanza moja darasani, nenda VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ulizia urasimishaji wa ujuzi, ule mpango wa mafundi waliojifunzia mtaani. Wanakupima kwa vitendo, unavuta waya, unafunga DB (lile boksi la kugawia umeme ndani ya nyumba), unaeleza kwa nini erthi umeiweka pale, wakiona kuna sehemu umepwaya wanakunoa hapo hapo palipopwaya halafu ndo unapata cheti. Wengi wanapwaya kwenye kusoma mchoro na kupima, mikono iko vizuri ila mita ya kupimia umeme hawajui kuitumia, kwa hiyo anza kujinoa huko mapema.

Kozi fupi za jioni zipo pia, ila ratiba kila chuo na yake, fika mwenyewe.

Na usiishie hapo maana leseni ya kufunga umeme inatolewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na wanataka vyeti, bila hiyo utabaki kufanya kazi kwa mgongo wa mwenye leseni na hela kubwa anakula yeye. Hizi kozi za mtandaoni za wiki moja, mi kwa umeme sizishauri kabisa.